Daraja la Kihongwe na Sheria ya Kutogusa

Ilikuwapo nchi, wala sisemi kwamba haipo tena, iitwayo Twendako. Ukimuuliza Mtwendako nchi yake iko wapi, atakuonyesha mbele kwa kidole, maana nyuma hakuonyeshwi mpaka upate kibali. Ni nchi njema. Ina mlima mmoja, mawaziri arobaini na mmoja, na mto uitwao Kihongwe. Juu ya mto huo limekaa daraja la reli la chuma, kongwe kuliko bendera, kuliko wimbo wa taifa, na kuliko meno ya mtu yeyote aliye hai.

Daraja hilo lilikuja kwa meli vipande vipande, kila kipande kimepigwa namba, kutoka kwa wageni waliokuwa wakiitawala Twendako enzi hizo. Inasemekana liliundwa kwa ajili ya mto mwingine, katika nchi nyingine yenye baridi, na lilipofikishwa Kihongwe likaonekana fupi kwa hatua nne. Wageni wale hawakuwa watu wa kukiri kosa. Waliandika kwao kwamba daraja liko sawasawa, ila mto ndio mpana kupita kiasi. Kisha wakawakusanya watu wa vijiji vyote, wakaujaza mto mawe mpaka ukaenea kipimo. Watu wa Kihongwe husema kuwa tangu siku hiyo mto una kisirani, na kila masika hupanda kuja kutafuta hatua zake nne.

Mtunzaji wa daraja, wakati wa mambo haya, alikuwa mwanamke aitwaye Sikuzani Mbegu. Umri wake miaka hamsini na miwili, mabega kama ya mpagazi, na masikio yake hayakuwa sawa: la kulia lilikuwa limechoshwa na treni, lakini la kushoto lilisikia mpaka mtu alichokusudia kusema. Kila asubuhi alipanda darajani na nyundo ndogo, akagonga ribiti moja baada ya nyingine, yaani zile pini nene za chuma zilizoshikanisha vipande vya daraja. Ribiti nzima ililia “ti!” kavu, yenye adabu. Iliyolegea ilijibu “du”, kama mume aliyeulizwa jana alikuwa wapi. Iliyosema “du” Sikuzani aliing'oa na kuweka bolti mahali pake. Alikwangua kutu, alipaka rangi nyekundu, na kila kiangazi alitia grisi kwenye rola, magurudumu madogo ya chuma yaliyo chini ya nyayo za daraja, juu ya nguzo za mawe.

“Jua likiwaka chuma hurefuka,” aliwaeleza waliouliza. “Rola zikiteleza, kinajinyoosha kwa raha. Zikikwama, kinaanza kusukuma nguzo. Na wewe ukilazwa kwenye kitanda kifupi, utapiga teke ukuta.”

Treni ilivuka mara mbili kwa wiki, imejaa vitunguu, kuku, wanafunzi, na wagonjwa wanaokwenda hospitali iliyo ng'ambo. Kwa miaka ishirini na sita Sikuzani hakupata barua hata moja ya kumshukuru, wala treni haikuanguka. Katika utumishi wa Twendako, mambo hayo mawili huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

*

Basi ikatokea kwamba Waziri wa Urithi, Kumbukumbu na Mambo Yaliyokwisha Kupita, Mheshimiwa Habakuki Lundembe, alikwenda ziara nchi jirani. Huko akaonyeshwa daraja kuukuu lenye uzio, kibao na mlinzi, na watu wa mataifa wakilipiga picha. Mheshimiwa akaumia rohoni. Aliporudi alitangaza redioni:

“Ndugu wananchi! Nchi isiyo na ukale haina usasa! Jirani ana daraja la miaka tisini analiheshimu. Sisi letu lina zaidi ya mia na ishirini, nalo linatumika kama kitu cha kawaida! Kuanzia leo, Daraja la Kihongwe ni Urithi wa Taifa. Halitaguswa! Halitakwanguliwa, halitapakwa, halitakazwa wala kulegezwa! Na atakayeligusa, awe nani, atakamatwa palepale!”

Hayo maneno “awe nani” aliyatia mwenyewe kwa kalamu yake, na Bunge likampigia makofi dakika nne. Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Kutogusa.

Wiki iliyofuata mafundi wa Tume ya Urithi waliwasili Kihongwe na kibao kikubwa cha bati kilichoandikwa USIGUSE. Ili kikae imara wasije wahuni wakaking'oa, walitoboa matundu sita katika chuma cha daraja. Waliondoka wakamwacha askari mmoja wa kulinda, Koplo Tindwa.

Koplo Tindwa alikuwa amemwoa mdogo wake Sikuzani, kwa hiyo walikuwa mashemeji, na watu wakatarajia mambo yatakwenda kishemeji. Hawakumjua Koplo. Alikuwa mtu aliyeisoma amri kama wengine wanavyosoma maandiko, polepole, kwa kidole, na bila kuruka neno.

“Shemeji,” alisema asubuhi ya kwanza, akisimama mbele ya ngazi, “shikamoo, na teremsha nyundo.”

“Marahaba. Naiteremsha niende nayo wapi?”

“Popote, ila si juu. Sheria inasema halitaguswa.”

“Tindwa, nikigonga ndiyo nalipima. Wewe ukienda kwa daktari, anakupima kwa barua?”

“Shemeji, mimi sikuitunga. Mimi nimepewa.” Akatoa karatasi, akapitisha kidole. “Hapa: ‘halitakazwa’. Wewe kazi yako si kukaza?”

“Ni kukaza.”

“Basi, shemeji, imetajwa kazi yako kwa jina. Ni heshima kubwa.”

Mwezi wa kwanza Koplo alimkamata mchungaji wa kanisa aliyeegemea nguzo akingoja treni, mbuzi watatu, na mke wake mwenyewe aliyeanika kanga kwenye mkono wa daraja. Mchungaji aliachiwa kwa onyo. Mbuzi waliandika maelezo, yaani Koplo aliwaandikia. Mke hakumpikia mumewe siku nane.

Mtauliza treni je, mbona iliendelea kupita? Suala hilo lilifikishwa mbele ya Tume, nayo Tume ikakaa siku mbili na kutoa uamuzi ambao hata leo unafundishwa vyuoni. Magurudumu ya treni hugusa reli. Reli ni mali ya Wizara ya Uchukuzi. Reli hugusa mataruma. Mataruma ni mbao, na Sheria haikutaja mbao. Kwa hiyo treni haigusi daraja. Inapita tu hapo hapo lilipo.

*

Sikuzani alianza kusikiliza kutoka chini. Treni ilipovuka, yeye alisimama ukingoni mwa mto, sikio la kushoto kalielekeza juu. Mwezi wa pili alisikia “du” saba. Mwezi wa tano, kumi na tisa. Kutu ilidondoka kama pilipili ya kusaga juu ya nguo za wanawake waliokuwa wakifua. Kufikia mwezi wa nane alihesabu “du” arobaini na moja, na ishirini na nane kati ya hizo zilikuwa katika boriti ya katikati peke yake. Zaidi ya hayo, adhuhuri moja ya jua kali alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia: mlio mrefu, mnene, kama ng'ombe anayeumwa. Rola zilikuwa zimekwama. Daraja lilikuwa likipiga teke nguzo.

Siku hiyo hakula. Alimwona mama mjamzito dirishani mwa behewa la pili, anakula muwa na kutema maganda mtoni bila wasiwasi wa dunia, na akajikuta anaomba dua kwa sauti mpaka behewa la mwisho likavuka.

Akafunga safari kwenda makao makuu kuomba kibali. Na kwa kuwa njia ilikuwa moja, alivuka kwa treni ileile, juu ya daraja lilelile, amefumba macho na kuziba sikio la kushoto.

Ofisi ya Vibali ilikuwa na dirisha moja, na nyuma ya dirisha alikaa Bi Agripina, mama mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea fomu na mwingine wa kuwatazamia watu. Alipokea maombi ya Sikuzani kwa upole.

“Jina la anayeombewa?”

“Daraja la Kihongwe.”

“Cheti cha kuzaliwa anacho?”

“Ni daraja, mama.”

“Nimekusikia, mwenzangu. Fomu ndiyo haijasikia.” Bi Agripina alibadili miwani. “Inataka cheti cha kuzaliwa, barua ya mwenyekiti wa mtaa kuwa anamfahamu na hajapata kushitakiwa, na picha nne za pasipoti. Nyuma kuwe na rangi ya buluu, na masikio yaonekane.”

Sikuzani hakubishana. Alirudi Kihongwe. Mwenyekiti wa mtaa aliandika kwamba daraja anamfahamu tangu utotoni, ni mtulivu, hanywi. Mpiga picha alilipiga daraja siku isiyo na wingu, ili nyuma kuwe na buluu, na kwa masikio wakakubaliana kuonyesha nguzo mbili. Katika cheti cha kuzaliwa, mbele ya “jina la baba”, Sikuzani alifikiri sana, kisha akaandika: “Wengi.”

Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Mara ya nne Bi Agripina aligonga mihuri mitano mfululizo, akaitazama fomu, akahema.

“Kila kitu kimekamilika. Imebaki sahihi ya Mheshimiwa.”

“Nimsubiri?”

“Mheshimiwa hasaini asichokisoma, na kusoma amewaachia wasaidizi. Kabati hili lote unaloliona linamsubiri yeye.” Bi Agripina alitupa jicho mlangoni, akateremsha sauti. “Ila nasikia mwezi ujao anakuja kwenu kuadhimisha mwaka wa Urithi. Wanaleta treni maalumu: vichwa viwili, mabehewa kumi na manne, wageni, bendi, kwaya za shule. Itavuka saa nane mchana.”

Sikuzani alishika ukingo wa dirisha. Treni ya vitunguu ilikuwa na kichwa kimoja na mabehewa sita. Saa nane mchana ndiyo saa ambayo chuma kimerefuka kupita saa zote.

“Mama,” alisema, “ikivuka hiyo, haitafika ng'ambo.”

Bi Agripina alivua miwani yote miwili. Bila miwani alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye macho ya kuchoka. Aliisukuma fomu nje ya dirisha.

“Ichukue. Umpe mkononi. Na mimi na wewe hatujaonana.”

*

Siku ya sherehe jua lilitoka likiwa limekwisha kasirika. Treni maalumu ilisimama stesheni, imepambwa kwa karatasi za rangi, watoto wa kwaya wamejaa madirishani. Jukwaa lilijengwa mdomoni mwa daraja. Sikuzani aliwafuata mabwana wa itifaki watatu kuwaeleza habari za ribiti. Wa kwanza alimwambia ribiti hazimo katika ratiba. Wa pili alimpa chupa ya maji. Wa tatu alifurahi kumwona, maana ratiba ilisema “mtumishi wa ngazi ya chini atamkabidhi Mheshimiwa shada la maua”, na walikuwa bado hawajampata wa chini kiasi hicho.

Mheshimiwa Lundembe alihutubia saa moja na nusu.

“Wako wanaosema daraja hili lilijengwa na wageni,” alinguruma. “Uongo! Utafiti wa Wizara yangu umegundua kwamba lilibuniwa na babu yangu, Lundembe Mkubwa, aliyeota chuma kabla chuma hakijajulikana! Yeye alichora mchangani, wageni wakanakili! Na wananchi wa Kihongwe wakalijenga kwa furaha, wakiimba, bila hata mmoja kuumia kidole!”

Watu wa Kihongwe walipiga makofi, kwani waligawiwa soda.

Saa saba na dakika ishirini Sikuzani aliitwa na shada lake. Alipiga goti, akainua maua, na alipokuwa karibu na sikio la Mheshimiwa alisema kwa sauti ya chini, ya unyenyekevu:

“Mheshimiwa, samahani. Kwa mila ya hapa, mtu mkubwa akija hulipiga daraja kwa kiganja mara tatu, ili limjue. Hata babu yako walisema alifanya hivyo.”

“Ee! Kumbe habari za babu mnazo?”

“Tumezisikia leo, Mheshimiwa.”

Mheshimiwa aliteremka jukwaani, akatembea hadi kwenye boriti ya kwanza, akaivuta mikono ya koti, na mbele ya watu elfu mbili na wapiga picha tisa akakipiga chuma: pa, pa, pa!

Koplo Tindwa aliona. Watu waliokuwa karibu naye wanasema uso wake ulibadilika rangi mara mbili. Alitoa karatasi yake mfukoni, akaisoma kwa kidole toka juu mpaka chini, akaikunja, akapiga hatua nane za mwendo wa gwaride, na kupiga saluti.

“Mheshimiwa, jambo afande. Uko chini ya ulinzi.”

“Nini?”

“Umegusa, afande. Mara tatu.”

“Wewe koplo unanijua mimi ni nani?”

“Nakujua, afande. Sheria imesema ‘awe nani’. Na huyo nani ndiye wewe.”

Bendi iliacha kupiga. Walinzi wa Waziri walitazamana; mmoja alianza kusogea, lakini kamera tisa zilimgeukia, akasimama kama aliyekumbuka kitu. Kumwachia Waziri ilikuwa kuivunja Sheria hadharani. Kumkamata ilikuwa kuitekeleza vizuri mno. Mheshimiwa akakumbuka dakika nne za makofi.

Ndipo Sikuzani akasogea na fomu yake.

“Mheshimiwa, anayegusa kwa kibali hana kosa. Kibali ni hiki. Kimegongwa mihuri yote, bado sahihi yako tu.”

Mheshimiwa aliinyakua kama mtu anayezama aliyetupiwa kamba. “Lakini hapa mwombaji ni wewe! Mimi kinanisaidiaje?”

“Tazama mstari wa chini: ‘na msaidizi wake’. Hapo pako wazi.”

Mheshimiwa Habakuki Lundembe, Waziri wa Urithi, Kumbukumbu na Mambo Yaliyokwisha Kupita, akajiandika kuwa msaidizi wa fundi. Akatia sahihi bila kusoma, kwa mara ya kwanza na kwa faida ya taifa. Koplo aliikagua karatasi, akapiga saluti ya pili.

“Sawa, afande. Uko huru. Ila imeandikwa ‘wakati wa kazi’. Itabidi ufanye kazi.”

Sikuzani alikuwa amekwisha panda, amefunga kitambaa chekundu relini kuizuia treni. Kisha akamshika msaidizi wake mkono, akamteremsha kwa ngazi ya pembeni hadi chini ya boriti ya katikati, mahali ambapo kamera hazikufika. Huko kulikuwa na joto na harufu ya chuma. Akampa nyundo.

“Gonga hii, Mheshimiwa.”

“Ti!” ribiti ikasema.

“Hiyo nzima. Sasa hii.”

“Du.”

“Na hii.”

Mheshimiwa aligonga, na ribiti haikusema kitu. Kichwa chake kilikatika, kikapita karibu na pua yake, kikaanguka mtoni. Walikisikia kinapiga maji. Toka stesheni upepo ulileta sauti za watoto wa kwaya wakifanya mazoezi ya wimbo wa kumsifu. Mheshimiwa alibaki na nyundo hewani.

“Treni ilikuwa ipite saa ngapi?” aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, hata nyembamba kidogo.

“Saa nane.”

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Alikaa juu ya jiwe la nguzo, suti na yote, akajifuta uso kwa shada la maua.

“Kwa nini hamkuniambia?” alisema.

Sikuzani alimtazama, akaona kwamba anauliza kwa moyo mweupe, akamhurumia.

“Tulikuwa tunatafuta picha za pasipoti,” alijibu.

Wapiga picha walipowafikia, walimkuta Waziri ana grisi mpaka kwenye viwiko, anasugua rola kwa nguvu zote. Wakapiga. Naye akakumbuka cheo chake, akainua kidevu.

*

Kesho yake magazeti yote matatu ya Twendako yalikuwa na kichwa kimoja: WAZIRI AOKOA DARAJA KWA MKONO WAKE. Sikuzani alionekana pichani, kiwiko chake. Haikumkera. Treni ilisimamishwa siku kumi na moja, akabadilisha ribiti arobaini na moja, akaziba na matundu sita ya kibao. Treni ya kwanza ilipovuka alisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, na usingizi aliolala mchana ule, nusura wamwite mganga.

Wizara ikaamua kwamba ushujaa huo uandikwe. Kilichapwa kitabu chenye picha, *Historia Sahihi ya Daraja la Kihongwe*, na kabla hakijagawiwa mashuleni alitumwa Bwana Zefania, mkaguzi wa Tume, kuhakikisha kwamba daraja linaafikiana na kitabu. Alikuwa kijana wa suti, mpole, mwenye orodha. Alikagua siku nzima, mikono nyuma, hatua moja mbali na chuma, kwa kuwa kibali cha kugusa hakuwa nacho. Jioni alimwita Sikuzani chini ya boriti ya katikati.

“Mama, haya nini?”

Sikuzani alijua anaonyesha nini. Upande wa ndani wa boriti ile yalichongwa majina sitini na matatu, kwa patasi, kwa herufi zilizopinda. Waliyachonga wale waliotolewa vijijini kwa kamba kuja kujaza mawe na kubeba vyuma. Mchana, walipopewa kupumzika, badala ya kulala walijiandika. Asiyejua herufi alichonga samaki, au jembe. Chini ya baadhi ya majina wenzao walipiga mstari mmoja, na kila mwenye mstari hakutoka mtoni. La kwanza kabisa lilikuwa Hadikwa, mpika uji wao, naye alimzaa babu yake Sikuzani. Kila alipopaka rangi, kwa miaka ishirini na sita, Sikuzani aliyazunguka majina hayo kwa brashi nyembamba na kuyapaka mafuta tu, yaonekane.

“Ni waliolijenga,” alisema.

Bwana Zefania alifungua kitabu, akatafuta, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

“Hawamo. Kitabu kinasema lilijengwa kwa furaha na bila kuumia. Haya, kwa kadiri ninavyoona, ni uharibifu wa urithi uliofanywa na wahuni wa zamani. Sitini na watatu, na wote wamejitaja kwa jina!” Akaandika. “Ndani ya siku saba yasionekane. Usipotekeleza, kibali chako kitafutwa, na atatafutwa mtunzaji mwingine. Samahani, mama. Mimi nimetumwa tu.”

Siku tatu Sikuzani hakupanda darajani. Alikaa uani kwake na nyundo mapajani. Akikataa, daraja litarudi mikononi mwa kibao, na treni itaendelea kupita hapo hapo lilipo. Akikubali, je, atamwambia nini Hadikwa? Siku ya nne alichanganya rangi nyekundu, akaiongeza mafuta mpaka ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa, akapanda peke yake.

Bwana Zefania alirejea siku ya saba. Alisimama hatua yake moja mbali, mikono nyuma, akatazama boriti ya katikati kutoka kushoto hadi kulia. Ilikuwa nyekundu tupu, inang'aa. Akainama, akatazama tena.

“Hayaonekani,” alisema.

“Hayaonekani,” Sikuzani alikubali.

Akatia alama katika orodha yake, akamshukuru kwa niaba ya Wizara, akaenda zake stesheni kungoja treni.

Koplo Tindwa, aliyekuwa lindoni wakati wote huo, alikuja polepole. Hakupiga saluti. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

“Shemeji,” alisema, “sikukuzuia kwa sababu ulikuwa na kibali. Lakini kweli umewafuta? Wote?”

“Sogea hapa.”

“Nimesogea.”

“Weka kidole.”

Koplo alitazama kushoto, akatazama kulia. Alivua glavu yake nyeupe, akaikunja, akaitia mfukoni ilimokaa karatasi ya amri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aletwe Kihongwe, akaligusa daraja. Rangi ilikuwa imekauka, nyembamba, na chini yake mfereji wa patasi ulikuwa palepale. Kidole chake kikaanza kutembea, polepole, bila kuruka herufi, kama kilivyozoea.

“Ha,” alisoma. “Hadi. Hadikwa.”

“Endelea.”

Alisoma Songoro. Alisoma Mwipopo, na Kaluse, na samaki mmoja. Alipofika kwa aitwaye Ndimbo, kidole kiliteremka kikakuta mstari, kikasimama.

“Huyu alizama?”

“Alizama.”

Koplo akavua kofia. Treni ya vitunguu ikapiga honi ng'ambo, ikaingia darajani, na boriti ikaanza kutetemeka chini ya mkono wake, ti, ti, ti, ti. Hakuutoa mpaka behewa la mwisho lilipovuka.